Mwalimu Tollefsen na Nchi Aliyoipenda Bila Kuiona

Mwanangu Zaituni,

Barua za kwetu huanza kwa kuulizana hali. Hali yako naijua. Umetoka mlangoni sasa hivi, umeshiba, na umenuna kidogo kwa sababu nimekufungia sambusa nyingine juu ya zile ulizokwisha kuzikataa. Umekwenda Temple Hills kumuaga mama yako mdogo, na kesho asubuhi unaondoka. Kwa hiyo nimekaa hapa mezani niandike kabla hujarudi, maana ukirudi nitaanza tena kukuuliza kama umeweka soksi.

Ya soksi, ya koti, ya dawa ya kifua na ya kuendesha gari kwenye barafu nimeshayasema mpaka nimejichosha mwenyewe. Humu hayamo. Humu nataka nikueleze kwa nini wiki nzima unanisikia naimba jikoni wakati ulitegemea utanikuta nalia. Hata baba yako ameniuliza kama nimefurahi unaondoka. Nimemwambia nimefurahi na sijafurahi, akatikisa kichwa akaenda kuangalia mpira. Wewe nitakwambia vizuri.

Kuna kitu nilikiogopa miaka mingi na sikumwambia mtu. Niliogopa kwamba siku utakapotoka katika nyumba hii, mimi na wewe hatutakuwa na la kuzungumza. Sisemi kugombana, kugombana ni mazungumzo pia. Nasema kukosa neno. Ukiwa humu ndani tulisaidiana kwa macho, kwa mikono, kwa sufuria. Nikigonga mwiko kwenye sinki unajua leo mama kachukia. Lakini simu haina mwiko. Nikawa nawaza, huyu Kiswahili anakisikia tu, hakitoi mdomoni. Mimi Kiingereza changu ni cha kazini. Akiwa mbali nitamuuliza umekula, atasema amekula, halafu tutasikilizana tunavyopumua mpaka mmoja aone haya akate simu.

Na najua ilivyoanza. Ulipoingia shule hapa ugenini, Upper Marlboro, ulikuwa mtoto wa miaka mitano, unaongea kama redio. Mama mmoja wa pale shuleni, mtu mpole kabisa, akaniambia mtoto anachanganyikiwa, afadhali nyumbani tutumie Kiingereza. Mimi niliishia darasa la nne, mwanangu. Mtu aliyesoma akiniambia neno la shule nilikuwa naitikia kabla hajalimaliza. Nikarudi nyumbani nikaanza siku ileile. Sasa Kiingereza nilichokuwa nacho nilikiokota kwenye kuwaogesha wazee na kutandika vitanda vyao. Kaa. Inuka. Meza. Geuka. Usiguse. Haraka. Hicho ndicho nilichokulea nacho. Sikuwa na Kiingereza cha utani, wala cha kukusimulia jambo likachukua muda. Ukakua na mwanamke wa amri, ukaamini ndiye mama yako, na mimi nikakuona mtoto mkimya nikadhani ndivyo ulivyo.

Ulipofika darasa la saba ndipo tukampata Mwalimu Tollefsen.

Najua siku ya kwanza ya kikao cha wazazi unaikumbuka, ila unaikumbuka kwa upande wako wa aibu. Ngoja nikupe upande wangu. Tuliingia darasani kwake, joto limewashwa, na yeye amevaa sweta nene la sufu lenye nyota kifuani, uso umemwiva kama nyanya. Juu ya meza kuna bendera ndogo nyekundu yenye msalaba wa bluu. Ukutani picha ya kanisa la mbao, jeusi kama mkaa, limechongwa vichwa vya majoka kwenye paa. Alifundisha historia, lakini kila alilosema lilipitia Norway. Kwetu milima inaingia baharini. Kwetu samaki tunawaanika juu ya miti mpaka wanakuwa kama mbao. Watu wetu hivi, watu wetu vile. Wewe unanitafsiria kwa uvivu, maneno kumi yake unayafanya mawili, na mimi moyo unanikunjuka. Nikasema kumbe. Katika jengo lote hili nimepata mgeni mwenzangu.

Nikakwambia, muulize alikuja lini. Ukakataa. Nikakwambia, muulize kama wazazi wake wako hai, na huko nyumbani nani anawaangalia. Ukasema kwa Kiingereza, mama tafadhali. Basi nikajisemea mwenyewe. Nikamsogelea, nikashusha sauti, kwa sababu jambo hili kwetu sisi tuliokuja halisemwi mbele za watu, nikamuuliza kwa hicho Kiingereza changu:

"Mwalimu, makaratasi yako yamekaa sawa?"

Wewe uliinama mpaka paji la uso likagusa dawati. Yeye hakucheka. Alilifikiria swali langu kama swali la mtu mzima. Akasema yamekaa sawa, ahsante kwa kuuliza, maana aliyekuja alikuwa babu wa baba yake, alikuja kijana akaenda kulima ngano kule kaskazini. Yeye mwenyewe amezaliwa kwenye mji mdogo wa huko, mji wa barabara moja.

"Sasa Norway unakwenda lini kusalimia?"

"Sijawahi kufika."

"Hata kutembea tu?"

"Hata kutembea tu."

Nikamtazama yeye, nikalitazama lile sweta, nikaitazama bendera, nikashindwa. Nikacheka kile kicheko changu cha Korogwe ambacho nilikuwa nimekiacha uwanja wa ndege. Naye akacheka. Akasema mke wake humcheka hivyohivyo, na kwamba nauli aliwahi kuiweka mara mbili, mara ya kwanza ikaliwa na paa la nyumba, mara ya pili na meno ya watoto.

Halafu akasema jambo ambalo wewe ulilitafsiri kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo, na katikati ukapunguza mwendo. Alisema bibi yake aliambiwa asiwasemeshe wajukuu Kinorwei, kitawaharibia Kiingereza. Akatii. Kilichobaki kwa mjukuu ni kuhesabu mpaka kumi, dua ya kabla ya kula, na neno moja la kusema ukiangusha kitu.

"Bibi yangu nilimjua kama mtu mkimya," alisema. "Siku ya mazishi yake wale vikongwe wenzake wa kanisani walikaa wanasimuliana vituko vyake kwa Kinorwei, wanacheka mpaka wanafuta machozi. Nilikuwa mtoto nimesimama pembeni na sahani ya keki. Ndiyo siku niliyojua kwamba bibi yangu alikuwa mcheshi."

Baada ya hapo akarudi kwenye alama zako. Hakuniambia fanya hivi, acha vile. Alama zako zilikuwa nzuri, nisamehe, sikuzisikia. Nilikuwa nimekaa kwenye kile kiti kidogo nawaza, na mimi ni mcheshi. Kule bombani Korogwe wanawake walikuwa wanaacha ndoo zimejaa zinamwagika ili nimalize kusimulia. Na mwanangu hajui. Atakuja kusikia kwa watu siku ya mazishi yangu, kama huyu.

Ndipo nikakirudisha Kiswahili ndani ya nyumba. Ulidhani nimegeuka ghafla, ukaniuliza kwa Kiingereza kama nimekukasirikia. Sikujua kukueleza. Nikawa nakusemesha tu, nakutania, namuiga jirani wa juu anavyoparamia ngazi, na wewe unanijibu kwa Kiingereza, neno moja, mlango unafungwa. Wakati mwingine nilisikia mlangoni kicheko umekibana puani. Nikiwa na kazi ya asubuhi, hicho kicheko cha puani nilikuwa nakwenda nacho kwenye basi.

Nilijifunza kusubiri kwa kumtazama yule mwalimu. Unakumbuka maandamano yake ya mwezi wa tano, siku ya taifa la Norway? Alituambia kule siku hiyo hawaandamani wanajeshi, wanaandamana watoto. Basi kila mwaka aliwapanga watoto wa darasa lake, weusi wa hapahapa, Wasalvador, Wafilipino, na yule msichana wa Kamerun, akawazungusha eneo la kuegesha magari la shule, kila mmoja na bendera ya kwao au ya bibi yake, yeye mbele na sweta lake kwenye jua. Walimu wenzake walimcheka, na alijua. Aliniambia mwaka wa kwanza walioandamana walikuwa watoto wanne, na mmoja wao alikuwa anaelekea chooni.

Wewe ulishika bendera ya Tanzania kama mtu aliyeshikishwa mwavuli wa mwenzake. Mimi nimesimama kando na mama zao. Ulipopita mbele yangu, sikujizuia, nikapiga vigelegele. Ukageuza uso upande wa pili. Lakini Mwalimu Tollefsen akasimamisha msafara mzima. Akaja mpaka nilipo, akaniomba nirudie. Nikarudia. Akajaribu yeye, ikatoka sauti ya mbuzi aliyekanyagwa. Watoto wote wakajaribu, eneo zima likawa zizi. Akauliza kama kuna anayeweza. Halafu wewe, umeangalia chini, viatu vyako, ukakitoa kimoja kirefu, kisafi, kikazunguka kwenye ukuta wa shule kikarudi.

Sijawahi kukuuliza ulijifunzia wapi. Nadhani ulikuwa unajifunza chooni bomba likiwa wazi.

Hata hivyo maneno hayakuja, na nilifanya kosa la kuyasukuma. Ile harusi ya kule Herndon nilikupeleka kwa nguvu, nikakukalisha meza ya vijana wa Kitanzania, nikasema huko ndiko atakakofunguka. Nilikuja kujua baadaye kwa mama yako mdogo kwamba ulijaribu. Ulisema sentensi nzima, wakacheka unavyoitamka, wakakuita Mzungu mweusi mpaka keki ikakatwa. Mimi nilikuwa nacheza na wenzangu, sikuona. Ulirudi nyumbani ukakifunga Kiswahili kabisa, na nikakulaumu. Ningejua ningekwenda kuwatazama wale vijana usoni mmojammoja. Ndiyo maana nakwambia, mtu akianza kukuhoji ili aone kama wewe ni wa kwetu kweli, usimjibu mtihani wake. Ulitoka Korogwe mgongoni mwangu na miaka miwili. Mwalimu Tollefsen hakuwahi hata kuliona lile kanisa la majoka, na hakuna aliyeweza kumvua sweta lake. Watu walijaribu.

Sasa nifike kwenye lile lililonitua mzigo.

Alipofariki mwaka huu, baridi ikielekea kuisha, mliokuwa wanafunzi wake mkaitwa kwenye ukumbi wa michezo wa shule. Tulikwenda wote wawili. Watu wazima wenye vitambi wanalia kama wa darasa la saba. Mke wake, yule bibi mwembamba, amekaa mbele na sweta la mumewe limekunjwa mapajani. Watu wakawa wanasimama wanasema maneno mazuri, ya haki, na mazito. Mwalimu mkuu akauliza kama kuna mwingine. Wallahi, mwanangu, mimi sikusimama, miguu ndiyo iliyosimama. Nikakusikia unanivuta nguo. Mbele kuna watu mia, kipaza sauti, na mimi na Kiingereza cha kaa na geuka. Nikasema kwa Kiswahili, jamani, mimi nina hadithi ya mwalimu lakini sina mdomo wa kuisemea. Wakanitazama tu.

Nikasikia kiti chako kinasogea. Ukaja ukasimama karibu yangu, ukakishika kipaza sauti, ukaniambia kwa sauti ndogo, "Sema."

Nikasema. Nikawaambia kwamba mwaka ule wa vigelegele mwalimu alinipa zawadi, kipande cha kahawia, kizito, mraba, kimefungwa kwenye karatasi. Kwetu kitu cha namna hiyo ni kimoja tu, ni sabuni ya mche. Nikafurahi sana, nikasema huyu mtu amejua kazi zangu. Nikafulia shati la kazi la mume wangu, anayepeleka vifurushi majumbani. Nikasugua kola, nikasugua mikono. Nikaanika. Kesho yake akavaa akaenda kazini, akarudi amechanganyikiwa, anasema kila nyumba aliyogonga mbwa wamemshangilia, na mmoja amemfuata mtaa kwa mtaa mpaka hapa mlangoni, anamlamba kwapa.

Unatafsiri, na ukumbi umeanza kutikisika chinichini. Nikaendelea. Nikawaambia mwalimu alipokutana nami aliniuliza nimeionaje zawadi, ile jibini ya kwao ya maziwa ya mbuzi, iliyotoka mbali. Sikujua ni jibini. Nikataka kuwa na adabu. Nikamwambia ni nzuri sana mwalimu, ila haina povu.

Sasa hapa nataka unisikilize. Ulipofika kwenye povu, ulinyamaza. Ulisema ni nzuri sana mwalimu, halafu ukaacha, ukawatazama watu, ukawangoja wasogee mbele kwenye viti, ndipo ukaachia. Ukumbi mzima ukapasuka. Mke wake aliinamia lile sweta, mabega yanamruka, mpaka nikaogopa nimemliza, alipoinua uso nikaona anacheka. Mimi sikuwa nawatazama watu. Nilikuwa nakutazama wewe. Kile kimya cha kabla ya neno sikukufundisha. Mwalimu gani angekufundisha? Hicho ni changu, nilikuwa nakitumia kule bombani. Miaka yote nilipodhani nasemesha mlango uliofungwa, wewe ulikuwa upande wa pili unakichukua.

Tulipotoka, kwenye gari kabla sijafunga mkanda, ukaniambia kwa Kiswahili, taratibu, kila neno unalipima:

"Mama, yule mbwa hakufika mpaka nyumbani. Umeongeza."

"Nimeongeza kidogo."

"Umeongeza mbwa mzima."

Nilicheka mpaka kioo cha gari kikaingia ukungu. Ukadhani nakucheka unavyotamka, ukaanza kununa. Nikakushika kidevu nikakwambia, nakucheka kwa sababu umenishinda. Tangu siku hiyo unaongea. Unakosea, unageuza maneno kichwa chini, ng'ombe unamfanya kiti, eti ng'ombe kimelala, na hunijali. Jumanne uligombana na baba yako kuhusu bima ya gari kwa Kiswahili, akashindwa, akakimbilia Kiingereza. Nilisikia nikiwa bafuni nikasema alhamdulillahi.

Kwa hiyo nenda. Naogopa barabara, naogopa baridi ya huko, naogopa kulala kwako peke yako na kama kuna mtu atakusikia ukikohoa. Hizo ni hofu za kawaida, nitazivaa kila siku kama ninavyovaa viatu. Ile kubwa imetoka. Unakwenda kufundisha kwenye mji mdogo wa huko kaskazini alikotoka Mwalimu Tollefsen, na umeniambia kuna wazazi wa Kisomali na wa Kikongo wanaofanya kazi kiwanda cha nyama. Watakuja kukaa kwenye vile viti vidogo, wamechoka, hawana neno. Mimi sijui ualimu. Nakwambia tu nilivyokuwa nimekaa mimi: nilikuwa na vichekesho vimejaa mpaka hapa kooni, na mtu mmoja tu aliona. Yeye mwenyewe alikuwa na maneno kumi ya kuhesabia, dua, na la kuangusha kitu, na kwa hayo alitufungulia mlango.

Na nyumbani wameshajua habari zako. Juzi ulimpigia bibi yako Korogwe, ukidhani nimelala. Nilisikia unamsimulia jinsi mwenye nyumba wako mpya alivyokuonyesha chumba kwenye simu akasahau kuficha nguo zake za ndani kwenye kamba. Nilimsikia bibi yako upande wa pili anasema ngoja, ngoja kwanza nikae chini. Mwanamke ambaye mimi mtoto wake huongea naye kuhusu magoti tu. Asubuhi akanipigia mwenyewe, jambo ambalo hafanyi kwa sababu anasema vocha inaungua. Hakunisalimia. Akauliza yule mjukuu wake atapiga tena lini. Nikamwambia Ijumaa huwa hana kazi jioni, lakini Ijumaa nimeichukua mimi. Akasema yeye ni mzee, anaweza kufa Alhamisi. Tukabishana pale, watu wazima wawili, mpaka salio lake likakaribia kwisha. Mwisho tumekugawana. Yeye kachukua Ijumaa, mimi nimechukua siku zote zilizobaki. Alipokata simu ndipo akahesabu, akapiga tena kusema nimempunja.

Nimempunja kweli, na sirudishi.

Ni mimi, mama yako,
Mwanaidi